Fomu Iliyolikataa Jina la Babu

 

Mwaka wangu wa kwanza hapa Uingereza nilijaza fomu ya kuomba chumba kwenye intaneti. Jina la ukoo wetu lina ng', yaani lina ritifaa. Nikabonyeza kitufe cha kutuma, fomu ikajibu: "Jina si sahihi." Jina la babu yangu si sahihi! Tena ikafuta yote niliyoandika. Nikaitoa ritifaa, ikapita. Wiki tatu baadaye naambiwa jina halilingani na la pasipoti, na chumba kimeshapata mtu.

Sasa nasomea kompyuta, na chama kimenipa kazi ya kutengeneza fomu ya wanachama wapya. Niliyojifunza ni haya.

Kwanza, usiulize usichokihitaji. Kama hutampelekea mtu barua, anwani yake ya nini?

Pili, weka nafasi moja ndefu ya jina kamili, ipokee ritifaa, kistari na majina matatu. Hata mwongozo wa GOV.UK, wa tovuti za serikali ya hapa, unasema nafasi moja hupokea majina ya aina nyingi zaidi.

Tatu, tarehe. 03/07 kwa Mwingereza ni 3 Julai, kwa Mmarekani ni 7 Machi. Weka visanduku vitatu: siku, mwezi, mwaka.

Nne, simu ikubali +254, +255 na +256. Mgeni aliyeshuka jana hana namba ya hapa.

Tano, maelezo yakae juu ya kisanduku. Yakiwa ndani, mtu akianza kuandika yanapotea. Akikosea, mwambie pale pale kosa ni lipi na alirekebishe vipi, na majibu yake mengine yabaki.

Mwisho, ijaribu. Nilimkalisha mgeni mmoja kutoka Kigoma mbele ya fomu yangu, nikanyamaza. Akakwama palipoandikwa "Namba ya kitambulisho". Kipi? Cha chuo au pasipoti? Akaniomba radhi kwamba kompyuta hazijui vizuri. Niliona aibu, maana usiku ule wa chumba nami nilidhani mjinga ni mimi. Kumbe kosa lilikuwa la fomu. Safari hii fomu ilikuwa yangu, nikairekebisha hapo hapo.