Modogashe Ilinifundisha Kuutazama Mkeka wa Mama

Ndugu msomaji, ikiwa umelelewa katika nyumba ya pwani kama nilivyolelewa mimi, basi hapana shaka umekalia sanaa miaka mingi bila ya kujua kuwa ni sanaa uliyoikalia. Mimi ni mmoja wa hao. Nimetunga mashairi tangu ujanani, na nimeandika magazetini juu ya milango ya nakshi na kofia za vito. Lakini somo langu la kuona sikulipata Lamu nilikozaliwa. Nililipata Modogashe, katika nchi kavu isiyo hata mnazi mmoja, na aliyenifunza ni bibi kizee wa Kisomali ambaye hakupata kushika kalamu maishani mwake.

Kabla ya kusimulia hayo, yafaa nieleze kwamba nilikwenda huko hali nikijiona mjuzi.

UBAO NA ALIFU

Sanaa niliyoijua utotoni ilikuwa ni moja tu, nayo ni hati. Chuoni tuliandika juu ya ubao, kwa kalamu ya tete na wino wa masizi. Mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mkali juu ya herufi kuliko juu ya utoro. Alifu ikipinda alikuwa akisema, "Huyu amesimama katika sala au ameegemea ukuta?" Kisha ubao huoshwa, nawe huanza upya. Nilioshewa ubao mara nyingi, mpaka siku moja alifu yangu ikasimama wima, na mwalimu akapita bila ya kusema neno. Kimya kile kilikuwa ndiyo shahada yangu ya kwanza.

Basi nikakua nikiamini kuwa sanaa yetu sisi Waislamu wa mwambao ni hati, na nakshi, na utenzi, imekwisha. Nilikuwa nikiwaambia wageni habari za Siyu, kisiwani Pate, mji uliosifika zamani kwa kunakili na kupamba misahafu kwa mkono. Niliwasomesha juu ya Muyaka na juu ya Mwana Kupona. Lakini mama yangu alikuwa akikaa barazani kila alasiri akisuka ukili, chane zikipishana vidoleni mwake kama zina akili zao wenyewe, na mimi nilikuwa nikimruka kwenda zangu msikitini au mpirani. Sikumwuliza hata siku moja, "Mama, hii inaanzaje?" Alifariki mwaka 1996, na mikeka yake tukaigawana kama mtu agawanavyo vyombo.

TULIVYOKWAMA

Mwezi wa Novemba mwaka 1997 nilipanda lori mjini Garissa kwenda Wajir, nikitafuta habari za kuandika. Wanaoukumbuka mwaka ule watakumbuka mvua za El Nino. Ardhi ambayo siku zote hulilia maji iligeuka tope zito, na lori letu la unga na sukari likazama magurudumu tulipofika Modogashe. Dereva alitazama mbele, akatazama nyuma, akazima injini. Tukakaa hapo siku tisa.

Modogashe ni mji mdogo wa njia panda katika Garissa. Hapo barabara ya Garissa kwenda Wajir hukutana na ile itokayo Isiolo kwa njia ya Garba Tula. Mwaka 2001 jina lake lilikuja kuvuma, pale wazee wa jamii za wafugaji walipopatana juu ya malisho, maji na fidia ya mifugo, na mapatano yao yakaitwa Azimio la Modogashe. Lakini mwaka ule wa mvua, kwangu mimi palikuwa ni maduka ya mabati, msikiti, na pembezoni nyumba za duara kama vichuguu, ambazo Wasomali huziita aqal.

Dukani nilifahamiana na mvulana wa darasa la saba aliyekijua Kiswahili vizuri. Alinichukua kwa bibi yake nikapewe maziwa. Yeye alimwita bibi yule ayeeyo, nami nikamwita hivyo hivyo. Cha kunifurahisha ni kuwa naye alituitikia "ayeeyo", kwani Wasomali humrudishia mtoto jina lile lile amwitalo mkubwa wake, kama mama zetu wanavyotuita "baba" na "mama" wakitubembeleza.

JAHAZI NA DOHANI

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikuwa umeleta madarasani somo la sanaa na ufundi, na kijana yule alikuwa na daftari la kuchorea. Aliposikia natoka Lamu macho yalimwangaza. "Adeer," akaniambia, "nichoree jahazi."

Nikaichukua penseli kwa majivuno. Nikachora tumbo la chombo, mlingoti, na tanga la pembe tatu. Kijana akaanza kuuliza. Hili tanga limefungwa kwa nini? Likigeuzwa upande wa pili, hupita mbele ya mlingoti au nyuma? Usukani unashikwa wapi? Nikababaika. Mimi niliyezaliwa hatua mia kutoka gatini, niliyeyaona majahazi kila siku ya Mungu, sikuweza kuonyesha foromali inavyofungwa mlingotini. Nilikuwa nimeyaona bila ya kuyatazama.

Ili kujificha aibu, nikamwambia, "Haya, nawe nichoree nyumba yako." Akachora haraka, na alichora vizuri. Lakini alichora nyumba ya pembe nne, yenye madirisha mawili, paa la vigae na dohani inayotoa moshi. Nyumba hiyo aliitoa katika kitabu. Wala hakuwa akinitania. Kwake yeye, kitu cha kuchorwa kilikuwa ni kile, na aqal aliyokuwa ameketi ndani yake haikumpitia moyoni kabisa.

Bibi akataka aelezwe tulichokuwa tukikifanya. Mjukuu alipomfasiria, alicheka hata akajifuta machozi kwa ncha ya shuka yake. Akasema maneno ambayo kijana alinifasiria kwa haya kidogo, "Mmoja hajui chombo chake, na mwingine hajui nyumba yake. Wekeni karatasi hizo. Kaeni hapa."

MENO NDANI YA MKEKA

Hapo ndipo nilipoitazama aqal kwa mara ya kwanza. Mifupa yake ni miti iliyokunjwa ikawa matao, imefungwa kwa kamba. Juu ya matao hulazwa mikeka, na mikeka hiyo ndiyo kazi yenyewe. Magome ya mgunga hubanduliwa, yakatafunwa na kupondwa mpaka yakalainika yakawa nyuzi. Nyuzi hizo hufungwa safu kwa safu, hata upande mmoja wa mkeka ukawa na manyoya kama ngozi ya kondoo, na upande wa pili ukawa laini. Kazi yote hii ni ya wanawake, tena huifanya kwa pamoja wakiimba. Binti akiolewa, wanawake wa kwao humtengenezea nyumba yake, nayo huwa ni mali yake.

Siku ya kuhama ikifika, nyumba hufumuliwa ikapandishwa juu ya ngamia. Mikeka huwa matandiko ya mgongo wake, na matao hufungwa ubavuni. Nyumba iliyomlaza mtu usiku, mchana humbebea mizigo. Nikajiuliza ni fundi gani wa mawe kwetu aliyepata kuwaza jambo kama hilo.

Bibi alinionyesha pia chombo cha maziwa, dhiil, kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi hata hakivuji, na ambacho hufukizwa ndani kwa kijinga cha moto ili maziwa yakae yasiharibike. Nikamwuliza alijifunza wapi. Akafungua kinywa, akanionyesha fizi zilizobakiwa na meno machache. "Meno yangu," akasema, "yamo ndani ya mikeka hii."

Kisha akatufunza. Siku ya kwanza nilifunga safu moja, akaifungua. Siku ya pili nikafunga mbili, akazifungua zote mbili. Hakunikaripia. Alizifungua tu, kama mwalimu wangu alivyokuwa akiosha ubao. Siku ya tano vidole vilikuwa vimechubuka, na hapo likatokea jambo ambalo sikulitazamia. Nilipoinua macho kuitazama mikeka ya ukutani, niliona kuwa haikusukwa na mkono mmoja. Kuna aliyekaza fundo na kuna aliyelegeza. Kuna aliyekuwa na haraka mahali fulani, kisha akatulia. Mikeka ile niliyoiona siku nne kama ukuta tu, sasa nilikuwa nikiisoma kama nisomavyo hati ya mtu. Jicho lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni kuwa mkono ulikuwa umekwisha kulionyesha pa kutazama.

KINA CHA MWANZO

Usiku mzee mmoja alikuwa akighani gabay, utungo ambao wanaume wa Kisomali huuheshimu sana. Nikakaza masikio kutafuta vina mwishoni mwa mishororo, kama tulivyozoea, nisivione. Nikaanza kudhani, Mungu anisamehe, kuwa yalikuwa maneno matupu. Kijana akanielezea kwamba katika gabay herufi moja huchaguliwa, na kila kipande cha mshororo lazima kiwe na neno linaloanza kwa herufi ile ile, tangu mwanzo wa utungo hadi mwisho. Kumbe mimi nilikuwa nikisikiliza mikiani, na uzuri upo vichwani!

Nikakumbuka ya kwamba Kisomali kilipata hati rasmi ya Kilatini mwaka 1972 tu, huko Somalia, na kabla ya hapo tungo kubwa kubwa zilikaa vifuani mwa watu, kama Kurani ikaavyo kifuani mwa hafidhi. Watu wenye hazina kama hiyo si watu wasio na sanaa. Asiyekuwa na kitu ni yule aliyekuja na kipimo kimoja tu.

NILIPORUDI

Nilipofika Lamu sikwenda kwanza kuandika habari zangu. Nilikwenda kwa mama mdogo, nikamwomba anifunze kusuka ukili. Alidhani nimeugua. "Wewe mwanamume mzima?" akaniuliza. Lakini alinipa miyaa, na kwa wiki mbili nilitoa kipande cha ukili kisichozidi shubiri mbili, kimepinda kama alifu zangu za mwanzo. Ninacho mpaka leo. Kisha nikaufungua mkeka wa mama niliorithi, nikaupitisha vidole, nikaona mahali alipounganisha chane kwa namna ambayo haionekani mpaka uitafute. Nikakaa chini nikalia. Nililia kwa sababu nilikuwa na mengi ya kumwuliza, na wa kuulizwa hakuwapo.

Mwaka 2001, mwaka ule ule wa Azimio la Modogashe, mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nilifurahi kama Mlamu. Lakini niliwaza pia juu ya nyumba zinazohama, ambazo jiwe la ukumbusho haliwezi kuwekwa mahali pake, kwa kuwa kesho hazipo hapo.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika nchi ile. Mifugo ilikufa kwa wingi, na watu wengi waliopoteza wanyama walisogea karibu na miji. Aqal inamtegemea ngamia, ndugu msomaji. Pasipo ngamia wa kuibeba, mabati na turubai huchukua nafasi yake, na mikono iliyojua kufunga nyuzi hukosa kazi.

Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Nino zilirudi Garissa, na simu yangu ikalia. Alikuwa yule kijana wa jahazi, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Ayeeyo alikwisha fariki zamani. Binti yake alikuwa ametakiwa na mwalimu afanye kazi ya sanaa ya nyumbani kwao, maana mtaala mpya ulioanza kote nchini mwaka 2019 umeyarudisha mambo hayo. "Adeer," akaniambia, "fundo la kwanza nalikumbuka. La pili je?"

Nikafumba macho, nikaviacha vidole vitafute hewani. Nilikumbuka nusu. Nikamweleza nusu hiyo, naye akaongeza alichokuwa nacho, na bado safu haikufunga. Mwisho nilimwambia, "Kamtafute mama mzee mmoja hapo mjini leo hii, usingoje kesho." Baada ya siku tatu alinipigia tena. Alikuwa amempata, na binti alikuwa ameketi chini miguuni pake. Nyuma yake nilisikia mtu akicheka kicheko cha kizee.

Usiku ule nilitunga ubeti mmoja tu, nao ni huu:

Jicho lisilo mkono, huona lisitambuwe,
Haitoshi kwa maneno, kaa chini ufunziwe,
Kwa mama kuna mfano, muulize ujibiwe,
Uzuri u papo hapo, machoni pako mwenyewe.

Ikiwa mama yako au bibi yako yuko hai, na vidole vyake vinajua kitu ambacho vyako havikijui, basi leo baada ya alasiri usimruke pale barazani. Keti. Mwombe akuonyeshe inavyoanza.