Sauna ya nyumbani: ya mawe, ya infraredi, au ile yenye vyote viwili?

Ujumbe uliotufanya tuandike makala hii ulitoka kwa mzee mmoja wa Bukima: "Habari za kazi, mwanangu. Kijana wangu aliyeko Ulaya anataka kuniletea sauna ya kuweka nyumbani. Anasema ina mawe na pia ina vioo vya joto, itanisaidia magoti. Mimi nina presha. Je, nikubali?"

Shikamoo mzee. Swali lako ni fupi lakini limebeba mambo mengi, na dakika mbili za redioni zisingetosha. Ndiyo maana tumeliandika hapa, ili hata anayefungua simu yake usiku alisome taratibu.

Sauna ni neno la Kifini, yaani lugha ya Finland, na maana yake ni chumba kidogo cha mbao ambacho watu hukaa ndani yake kwenye joto kali mpaka watoke jasho, kisha hutoka nje kujipoza. Finland ina watu kama milioni tano na nusu na sauna takriban milioni tatu, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo kwenye orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika. Jiji la Tampere, ambalo lina urafiki wa miaka mingi na jirani zetu wa Mwanza, hujiita makao makuu ya sauna duniani.

Sisi nasi si wageni wa joto. Nyungu tunaijua: sufuria au chungu cha maji yaliyochemka na majani ya mchaichai, mkaratusi au mwarobaini, mtu anajifunika blanketi na kuvuta mvuke. Mwaka 2020, wakati wa corona, Rais Magufuli alipowahimiza wananchi kujifukiza, karibu kila nyumba ilikuwa na nyungu yake. Ila nyungu si sauna. Nyungu ni mvuke mwingi wa maji ya moto karibu na uso, na hatari yake kubwa ni kumwagika na kuunguza, hasa watoto. Sauna ni joto la chumba kizima, na hewa yake huwa kavu mpaka pale mtu anapomwaga maji kwenye mawe.

Joto la aina mbili

Anayeuza sauna ya mchanganyiko atakwambia umepata mbili kwa bei ya moja. Kabla ya kumwamini, elewa kwamba joto hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Fikiria samaki. Dagaa tunawaanika kwenye miamba, jua linawapiga moja kwa moja na wanakauka hata kama upepo wa ziwani ni wa baridi. Sangara anayekaushwa kwa moshi hufungiwa kwenye tanuri, na hewa yote inayomzunguka inakuwa ya moto. Infraredi ni kama lile jua. Ni mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, ileile unayoihisi kwenye miguu ukiota moto huku mgongo wako ukiwa na baridi. Vioo au paneli zake hupasha mwili moja kwa moja, na hewa ya chumba hubaki kwenye nyuzi 45 hadi 60 hivi. Sauna ya asili ni kama tanuri. Jiko la umeme au la kuni huchoma mawe, mawe hupasha hewa, na hewa hufika nyuzi 70 hadi 100 karibu na dari. Ukimwaga kata ya maji juu ya mawe, wimbi la mvuke linakupiga mpaka unainamisha kichwa.

Sauna ya mchanganyiko ina paneli ukutani na jiko la mawe pembeni, kwenye chumba kimoja. Hapo ndipo penye tatizo ambalo matangazo hayalisemi. Paneli nyingi zilitengenezwa kwa chumba kikavu chenye joto la wastani. Ukiwasha jiko la mawe zinakaa kwenye joto la nyuzi 90, na ukimwaga maji zinapigwa na mvuke. Kama mtengenezaji hakuziandaa kwa hali hiyo, nyaya na viungio vyake vitachakaa mapema, na umeme na maji havijawahi kuwa marafiki. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: paneli hizi zimethibitishwa kustahimili joto la jiko pamoja na mvuke? Ajibu kwa maandishi. Akianza kuzungukazunguka, jibu umeshalipata.

Umeme wa kwetu

Hapa ndipo ndoto nyingi zinapokwama, kwa hiyo tuvumiliane na hesabu kidogo.

Jiko la mawe la umeme la chumba kidogo cha nyumbani linakula kama kilowati 6. Kwa umeme wetu wa volti 230, hiyo ni ampea 26. Soketi ya kawaida ya ukutani mwisho wake ni ampea 13. Maana yake jiko hilo haliwezi kuchomekwa popote pale. Linahitaji waya wake mnene unaotoka moja kwa moja kwenye swichi kuu, na fundi mwenye leseni wa kuufunga. Kama nyumba yako iliunganishwa kupitia mradi wa REA kwa kile kifaa cha UMETA, kilichokusudiwa taa chache, redio na chaji ya simu, sahau kabisa jiko la sauna. Paneli za infraredi za mtu mmoja au wawili hula kilowati 2 hivi, chini ya ampea 9, na soketi nzima iliyofungwa vizuri inazimudu.

Sasa LUKU. Chukua mtu anayetumia sauna mara tatu kwa wiki, yaani mara 13 kwa mwezi. Jiko la kilowati 6 linahitaji dakika 45 hadi saa nzima kupata moto kabla hujaingia, kisha linaendelea kuwaka na kuzima ukiwa ndani. Weka uniti 7 kwa kila mara: jumla uniti 91. Infraredi hupata moto kwa dakika 15 hivi, weka uniti 2 kwa kila mara: jumla 26.

Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi ni shilingi 350. Mteja wa kawaida wa T1 hulipa 292, na ukijumlisha kodi na tozo inakuwa kama 356. Familia iliyo D1 na inayotumia uniti 45, ikiongeza infraredi inafika 71, bado iko salama. Ikiongeza jiko la mawe inafika 136, na ikiendelea hivyo, ile bei nafuu itaiaga. Kwa aliye T1, jiko ni kama shilingi 32,000 kwa mwezi na infraredi ni kama 9,000. Na hiyo ni kwa joto tu, friji na pasi hazimo.

Jambo lingine wanalolijua walio mwisho wa laini kijijini: jioni taa zinafifia. Volti ikishuka kutoka 230 hadi 190, jiko la kilowati 6 linabaki na nguvu ya kama kilowati 4. Utasubiri saa nzima na mawe bado ni vuguvugu, huku mita inahesabu.

Kwa ndugu wanaonunua nje ya nchi, angalieni kibandiko cha nyuma. Sauna nyingi za infraredi za Marekani ni za volti 120, na zikichomekwa hapa zitaungua. Majiko mengi ya Ulaya ya kilowati 6 na kuendelea yameandaliwa kwa umeme wa fezi tatu, ambao nyumba nyingi za vijijini hazina. Sola ya nyumbani ya kuwashia taa na televisheni haiwezi kuendesha hata paneli.

Kuna watakaosema: basi tuweke jiko la kuni. Inawezekana, na ndiyo sauna ya kwanza kabisa ya Wafini. Lakini lazima liwe jiko la chuma lililofungwa, lenye bomba la kutoa moshi juu ya paa, na chumba kiwe na tundu la hewa chini na jingine juu. Usithubutu kuingiza jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia usingizi, analala, na haamki.

Na mawe pia yana yake. Musoma tumezungukwa na miamba, ni rahisi kusema mawe ni bure. Miamba yetu mingi ni ya itale, na itale hupasuka ikichomwa na kumwagiwa maji mara kwa mara. Mawe ya kuokota ufukweni ni mabaya zaidi, kwa sababu maji yaliyojificha ndani yakigeuka mvuke jiwe linaweza kuruka vipande. Yanayofaa ni mawe meusi, mazito, yasiyo na nyufa, yanayouzwa kwa kazi hiyo.

Kwa upande wa mbao, zile za kijani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, tunazopaulia nyumba, zisiingie ndani ya sauna. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, na si kitu cha kukalia uchi kwenye joto. Vanishi na dari za plastiki nazo zikae mbali. Kuta za tofali tupu hunywa joto lote, hivyo kama chumba ni cha tofali, kivishwe mbao kavu ndani pamoja na kizuia joto nyuma yake.

Magoti, presha na maneno ya matangazo

Turudi kwa mzee wetu. Kuna utafiti unaotajwa sana, uliofanyika mashariki mwa Finland na kuchapishwa mwaka 2015. Wanaume 2,315 wa umri wa kati walifuatiliwa kwa takriban miaka 20, na walioingia sauna mara nne hadi saba kwa wiki walikufa ghafla kwa moyo kwa kiwango kidogo kuliko walioingia mara moja. Wauzaji wa infraredi hupenda kuutaja, lakini sauna za utafiti ule zilikuwa za asili, zenye nyuzi karibu 80. Tena waliochunguzwa ni watu waliozoea sauna tangu utotoni, na inawezekana wenye afya njema ndio waliokuwa na nguvu ya kuingia kila siku. Kwa infraredi, madaktari wa Japani wamewatibu wagonjwa wa moyo kwa nyuzi 60 kwa dakika 15, kisha mgonjwa hufunikwa blanketi nusu saa. Hiyo ilikuwa hospitalini, chini ya uangalizi.

Joto hulegeza misuli na hupunguza ukakamavu wa viungo kwa muda, hilo ni kweli kwa aina zote mbili. Halijengi upya goti lililochakaa. Na ile habari ya kutoa sumu mwilini kwa jasho tuiache: kazi hiyo ni ya ini na figo. Jasho ni maji na chumvi, na kilo unayopoteza ndani ya sauna inarudi ukinywa maji.

Mwenye presha inayodhibitiwa vizuri na dawa anaweza kuruhusiwa, lakini aseme kwanza na daktari au mganga wa zahanati. Joto hutanua mishipa na presha hushuka. Dawa za presha nazo zinashusha, na zile za kukojoza zinapunguza maji mwilini. Vikikutana, mtu anasimama na kuanguka. Asiingie kabisa mwenye homa: malaria haitolewi kwa jasho, inapimwa na kutibiwa. Mjamzito asiingie bila ruhusa ya kliniki. Wenye selimundu, na Kanda ya Ziwa tunao wengi, wajue kwamba kupungukiwa maji ni moja ya mambo yanayoamsha maumivu makali. Aliyekunywa pombe, hata chupa mbili, akae nje. Na mashindano ya nani atavumilia yaachwe: mwaka 2010 huko Heinola, Finland, mshindani mmoja alikufa kwenye sauna ya nyuzi 110, na mashindano hayo ya dunia yakafutwa.

Kwa hiyo mzee, ushauri wetu ni huu. Usikubali ya mchanganyiko. Jiko lake la mawe huenda umeme wako usiliweze, na hata ukiliweza, nyuzi 90 si za kuanzia kwa mtu wa presha. Kijana akiwa na nia na daktari akaruhusu, aangalie infraredi ndogo ya volti 230, uanze na dakika 10, ukiwa na mtu nyumbani. Kama hela ni ya kubana, kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya uvuguvugu kitalifikia goti bila LUKU, na zinazobaki zilipe vipimo vya goti lenyewe. Sauna ya mchanganyiko tungemshauri mwenye nyumba ya wageni pale mjini Musoma au Bunda, mwenye fezi tatu na mfanyakazi wa kuisimamia, maana wageni wake ndio watakaotaka leo hiki, kesho kile.

Yeyote atakayenunua, ya aina yoyote, kuna jambo moja la kukagua kabla fundi hajalipwa: mlango ufunguke kwa kusukuma nje, na usiwe na komeo wala kitasa cha kufunga. Aliyezidiwa na joto hana nguvu ya kutafuta ufunguo.