Kipindupindu na Mpangilio wa Mitaa ya Dar es Salaam

Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, Agosti 2015, kisha ukavuka bahari hadi Zanzibar mwezi uliofuata na kuenea katika mikoa mingi ya Bara, ulikabiliwa kwanza kwa matangazo ya kunawa mikono na kwa kuwazuia wauzaji wa vyakula barabarani. Hatua hizo zina maana yake, lakini zinamwandama mama lishe na mteja wake huku zikiuacha pembeni mtaa wenyewe, ambao ndio unaoamua kwa sehemu kubwa nani ataugua.

Bakteria wa ugonjwa huu, Vibrio cholerae, hutoka katika kinyesi cha mtu mmoja na kuingia kinywani mwa mwingine kupitia maji au chakula. Wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote au huharisha kidogo tu, na bado hutoa vimelea kwa siku 1 hadi 10, hivyo mgonjwa anayefikishwa kituoni akiwa hoi ni mmoja tu kati ya wengi waliokwisha kuvibeba.

Tandale, kata inayopitiwa na Mto Ng'ombe, inaonyesha jinsi mzunguko huo unavyokamilika. Nyumba nyingi hupangishwa chumba kimoja kimoja, na kaya kadhaa hutumia choo kimoja cha shimo ambacho, kwa kuwa maji ya ardhini yako karibu, hakichimbwi kwenda chini sana na hujaa upesi. Gari la kunyonya majitaka halipenyi vichochoro, na hata likipata njia, gharama yake ni mzigo. Ndipo watu wanaposubiri masika ili watapishe choo, yaani watoboe ukuta wa shimo mvua inaponyesha, uchafu uende na maji. Anayetapisha anajua anachofanya, na jirani wa bondeni anajua pia kinachomjia; lawama hazikosekani, ila shimo lililofurika halisubiri mwisho wa mwezi. Uchafu huo hufika kwenye mifereji, mtoni na katika visima vifupi. Bomba nalo si kinga kamili, kwani maji yanapokatika msukumo hushuka, na pale lilipopasuka ndani ya mfereji maji machafu hupenya, yakatoka na ndoo za kwanza huduma inaporudi.

Linalosumbua zaidi ni bei. Mpangaji anayenunua maji kwa dumu la lita 20 hulipa kwa kila lita zaidi ya mwenye mita nyumbani kwake, na fedha zinapopungua, maji ya kupikia hubaki na ya kunawia ndiyo yanayokatwa. Kumhimiza mtu huyo anawe mikono, bila kugusa bei ya dumu, ni kumtaka alipie ushauri aliopewa bure.

Mgawanyo huu wa mitaa, wenye mabomba upande mmoja na wanunuzi wa madumu upande mwingine, ni wa zamani. Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 iliupanga mji kwa aina za majengo, na chini ya Waingereza ukaimarika mpangilio wa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, huku uwanda wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kutenganisha mitaa. Hoja ya afya ilitumika kuhalalisha utengano huo, ingawa mabomba na mitaro vilitangulia kufika Uzunguni, si Uswahilini.

Katika miaka ya karibuni zimejaribiwa pampu ndogo za mkono za kunyonya majitaka, zikisaidiwa na pikipiki za magurudumu matatu zinazoweza kupita vichochoroni. Mashine zinafika shimoni, lakini malipo ni jambo jingine: mwenye nyumba mara nyingi anaishi mtaa mwingine, na mpangaji aliyelipa kodi ya miezi mitatu, asiyejua kama wa nne utamkuta hapo, haoni kwa nini agharimie shimo la mtu.