Kwa nini paka wazee hukawia kupata makao

PAKA aliyepita umri wa miaka 10 huhesabiwa na madaktari wa wanyama kuwa mzee, ingawa wengi huishi hadi miaka 15. Creme Puff, paka wa Texas, Marekani, alikufa mwaka 2005 akiwa na miaka 38.

Hata hivyo, katika vituo vya kuokoa wanyama, kama kile cha Battersea jijini London kinachopokea paka tangu 1883, wageni huvutiwa kwanza na watoto wa paka. Wazee husubiri. Wengi wao hawakufikishwa huko kwa tabia mbaya, bali mwenye paka amefariki dunia au amehamia nyumba ya kutunzia wazee.

Anayemchukua paka wa aina hiyo hana budi kujiandaa kwa gharama. Figo, meno na viungo huchakaa, hivyo yafaa apimwe kila baada ya miezi sita. Lakini tabia yake imekwisha kujulikana, samani hazirarui ovyo, na haja yake kubwa ni utulivu na mahali penye joto pa kulala.