Mwanasesere na Mtoto wa Kweli

Wenzangu wengi hapa Mbuba wanataka udaktari. Yafaa wajue habari hii.

Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga hujifunza kwa mwanasesere namna ya kumwokoa mtoto aliyezaliwa hapumui. Mwanasesere hutiwa maji apate uzito wa mtoto, na mwalimu akibonyeza kipira kifua chake huinuka. Mwanafunzi hana budi kuanza kumpa hewa kabla ya dakika moja kwisha.

Mwezi wa Aprili, 2010, mafunzo hayo yalifanywa kwa siku moja. Baada ya miezi saba wahudumu walipimwa. Kwa mwanasesere walifanya vizuri kuliko kwanza, lakini kwa watoto wenyewe kazi yao haikuwa bora kuliko kwanza. Si ajabu: mwanasesere hatelezi kwa damu, hana mama anayelia kando, na akikosewa hafi.

Je, atupwe? La! Afadhali mkono ukosee kwake. Haydom walizidisha mazoezi mafupi, mara kwa mara, papo hapo kazini, na vifo vya watoto katika siku ya kwanza vikapungua.

Basi, mazoezi ni mwanzo tu. Udaktari hukamilika kando ya mgonjwa, mbele ya mkubwa mwenye ujuzi.