"Kidogo Tu, Hakidhuru"

Katika matanga ya shangazi yetu mwaka 2023, kaka yangu mkubwa aliandaliwa sahani ya wali na maharagwe, na juu ya wali ule chapati mbili zilizokunjwa vizuri. Aliipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akairudisha. Mama aliyesimamia upishi akamkazia macho. "Baba, onja kidogo tu, hakidhuru," akamwambia. Nilikuwa nimeketi kando yake, na maneno yale yalinichoma, maana miaka miwili kabla ya siku hiyo mimi mwenyewe nilimwambia vivyo hivyo nyumbani kwangu.

Sharti nimweleze mtu huyu kabla ya kuueleza ugonjwa wake. Kwa zaidi ya miaka 20 ameendesha lori la trela kutoka Mombasa hadi Malaba, na mara nyingi amevuka mpaka hadi Kampala. Wakati mmoja alivunjika kidole akibadilisha gurudumu karibu na Mtito Andei. Alikifunga kwa kitambaa, akaendelea na safari hadi Nairobi. Tulilelewa katika nyumba ambamo kulalamikia maumivu kulihesabiwa kuwa aibu, na kati yetu sote yeye ndiye aliyelishika vyema somo hilo.

Kwa hiyo alipoanza kuharisha, hakumwambia mtu. Mwili ukakonda, uchovu ukamwandama hata akiwa ameamka tu. Alitibiwa amiba, kisha homa ya matumbo, kisha vidonda vya tumbo. Na kila alipojihisi mnyonge, alizitafuta nguvu mahali wanapozitafuta madereva wengi wa barabara ile: chapati tatu na chai asubuhi, chapati kwa maharagwe mchana, na jioni bia moja au mbili. Alikuwa akijilisha kile kile kilichokuwa kikimmaliza.

Daktari aliyegundua kiini cha mambo alianza kwa kumwuliza alikuwa amekula nini juma zima. Damu ilipimwa, kisha kipande kidogo cha utumbo kikachunguzwa, na jibu likawa seliaki. Jina hili lina asili katika neno la Kigiriki lenye maana ya tumbo. Kwa mwenye maradhi haya, protini iitwayo gluteni, iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya rai ambayo huku kwetu ni nadra, huichochea kinga ya mwili iushambulie utumbo mwembamba. Vinyweleo vinavyofyonza chakula humo hulika vikasawazika, na mtu akakonda ilhali anakula. Damu hupungua, mifupa hudhoofika. Ugonjwa huu hauambukizi, na waweza kujitokeza utotoni au uzeeni. Inakadiriwa kwamba takriban mtu mmoja kati ya 100 duniani anao, na wengi hawajijui. Wanaodai kuwa ni maradhi ya Wazungu wakumbuke kwamba miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa ni vile vya watoto wa Kisahrawi, wa Sahara Magharibi, katika bara letu hili.

Samuel Gee wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1888 na kushikilia kuwa tiba yake imo katika chakula, ingawa hakujua ni chakula kipi. Aliyekijua ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 ilipouadimisha mkate nchini mwake, watoto wenye seliaki walipata nafuu. Mkate uliporejea, wakaugua tena. Hadi leo dawa yenyewe ni hiyo: kuiacha ngano na jamaa zake maisha yote.

Kaka aliziacha chapati kwa juma moja. Bia ilichukua muda zaidi. Kilichomshinda kwa takriban miaka miwili ni kuuliza. Mtu aliyeweza kuendesha lori na kidole kilichovunjika hakuweza kumwuliza mwenye hoteli, "Mafuta haya yamekaangiwa nini?" Aliona haya. Siku moja huko Salgaa alikula vibanzi vilivyotoka katika karai la mandazi, kwa kuwa utingo wake alikuwa akimtazama. Lori lililala kando ya barabara siku mbili. Siku hizi hubeba sufuria yake, jiko lake, na unga wa mahindi uliosagwa kwenye kinu kisichosaga ngano.

Hapa taaluma yangu inanisuta. "Kidogo" kwa asili ni kivumishi cha wingi na ukubwa, lakini katika mazungumzo yetu kimekuwa kielezi cha upole: subiri kidogo, sogea kidogo, onja kidogo. Mwenyeji anapolitamka, hapimi kitu, anambembeleza mgeni. Lakini utumbo hauelewi upole. Kanuni za kimataifa haziruhusu chakula kiitwe kisicho na gluteni iwapo kina zaidi ya miligramu 20 katika kilo nzima. Nami, mwenye shahada ya uzamifu, nilimbembeleza kaka yangu kwa kipande cha keki ya Krismasi, naye akakila ili asiniaibishe mbele ya wakwe zangu.

Walimu wenzangu, yamkini yuko mwanafunzi bwenini mwenu anayeukwepa mkate wa asubuhi, nanyi mmeshamwita mdekezi. Githeri, ugali, wali na viazi havina neno kwake vikipikwa kwa usafi. Mkimshuku kuwa mgonjwa, msimwachishe ngano kabla hajapimwa, kwani vipimo huweza kuonyesha kuwa ni mzima. Mpelekeni hospitali kwanza.

Turudi matangani. Nilitarajia kaka anyamaze au asingizie kuwa ameshiba, kama ilivyokuwa desturi yake. Badala yake alisimama, akamfuata yule mama hadi jikoni, nami nikamsikia akimweleza yote, hata habari za choo, mbele ya wanawake sita. Mama akasikiliza akiwa ameshika mwiko. Kisha akasugua sufuria kwa jivu, akaisuuza mara mbili, akateleka mihogo.

"Na chumvi je, baba? Nayo ina ngano?"

"Chumvi tia, mama. Tena usitie kidogo."