Shauri la Kukatwa Tumbo, Likitazamwa kutoka Ngao

Nchi ya Mto Tana haina sifa ya unene. Jina lake likitajwa katika magazeti ya Nairobi, aghalabu hutajwa pamoja na ukame, au mafuriko, au malori ya mahindi ya msaada, hata msomaji aliye mbali hudhani ya kuwa wakazi wote wa Ngao, Garsen na vijiji vya delta ni watu waliodhoofu kwa shida. Dhana hiyo ina ukweli wake, wala sikusudii kuupunguza. Ila katika nchi moja, na pengine katika ukoo mmoja, njaa na unene huishi pamoja, na mama aliyekosa chakula cha kutosha utotoni aweza kuwa ndiye huyo huyo ambaye, akiwa na umri wa miaka hamsini kasoro, ana kilo 110, magoti yanamuuma kila ainukapo, na sukari katika damu yake imekataa kushuka kwa vidonge. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2008–09 uliona ya kuwa robo ya wanawake wa Kenya walio katika umri wa kuzaa wamezidi uzani ufaao. Ule wa 2014 uliona theluthi. Wengi wao ni wa mijini na ni wenye mishahara, lakini Garsen nao ni mji, na mshahara wa mwalimu, wa karani na wa muuguzi hununua mafuta, sukari na unga mweupe Ngao kama ununuavyo Mombasa.

Hapo kale mtu mnene akimwendea tabibu alipewa nasaha mbili, ale kidogo na atembee sana, kisha akaitwa mgonjwa anayefuata. Siku hizi imezuka nasaha ya tatu, na habari zake zimefika huku kwa simu za mkononi na kwa vinywa vya mabinti wa pwani waliokwenda kutumika Ghuba, maana Kuwait na Saudia upasuaji wa kupunguza mwili umeenea kiasi cha kutomstaajabisha mtu. Nairobi hufanywa katika hospitali kubwa za watu binafsi, kwa gharama inayohesabiwa kwa malaki ya shilingi, na si ajabu ikaikaribia milioni au ikaipita. Basi shauri ambalo zamani lilikuwa la matajiri wa mbali limeingia katika mazungumzo ya watu wa kawaida, ambao huweza kuuza ng'ombe, au kukopa katika sako, au kuchangiwa na jamaa, wakafika mlangoni kwa mpasuaji kabla hawajafikiri vya kutosha juu ya kile wanachokwenda kukinunua.

Elimu ya upasuaji huu ni ya zamani kuliko wanavyodhani wengi. Mnamo 1966 Edward Mason, mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, baada ya kutambua ya kuwa wagonjwa waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa ajili ya vidonda vya tumbo hukonda na aghalabu hawanenepi tena, alibuni njia ya kuugawa mfuko huo kwa makusudi. Kutoka shina hilo zimechipuka njia mbili zitumikazo zaidi leo. Ya kwanza huondoa kama robo tatu ya mfuko, au zaidi, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Ya pili hutenga kijifuko kidogo cha takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, na kukiunga na utumbo mdogo upande wa chini, ili chakula kiiepuke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Zote mbili hufanywa kwa matundu madogo ubavuni na kitovuni, na mgonjwa asiyepatwa na matatizo hurejea nyumbani baada ya siku mbili tatu. Katika hospitali zenye uzoefu, anayekufa kwa ajili ya upasuaji huo ni takriban mtu mmoja katika elfu.

Tena si udogo wa mfuko pekee ufanyao kazi. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, waligundua homoni iitwayo grelini, ambayo hutoka zaidi katika mfuko wa chakula na kuupelekea ubongo habari ya njaa. Na sehemu ile inayokatwa katika njia ya kwanza ndiyo itoayo nyingi ya homoni hiyo. Ndiyo sababu aliyepasuliwa huweza kupitiwa na saa ya mlo bila ya kuikumbuka. Nami naona habari hii ingetosha kuwanyamazisha wale ambao, wakimwona mtu mnene, humhukumu papo hapo kuwa ni mlafi asiyejizuia. Kwani ikiwa njaa ni ujumbe utokao katika nyama na damu, na ujumbe huo kwa baadhi ya viumbe ni mkali kuliko kwa wengine, basi kumlaumu mtu kwa ukali wa njaa yake hakuna insafu. Mwenye kukonda kwa nia peke yake, akadumu hivyo miaka kumi, yupo, lakini ni nadra, na haifai kumfanya kuwa kipimo cha watu wote.

Ushahidi mzito zaidi umetoka Sweden, ambako tangu 1987 Lars Sjöström na wenzake waliwafuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye unene mkubwa, nusu yao wakipasuliwa na nusu wakitibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo yaliyotangazwa 2007 yalionyesha ya kuwa, katika muda wa takriban miaka kumi na mmoja, waliokufa miongoni mwa waliopasuliwa walikuwa 101, na miongoni mwa wenzao 129. Tofauti hiyo si ya kudharauliwa, wala si ya muujiza. Watu hao walipungua sana katika mwaka wa kwanza na wa pili, kisha baadhi ya kilo zikarudi, kisha mwili ukatulia mahali pa kati. Kadhalika kisukari: kwa wengi hurudi nyuma hata vidonge vikaachwa, na kwa baadhi yao huzuka upya baada ya miaka.

Nani basi astahiliye? Madaktari hutumia kipimo kiitwacho BMI, ambacho asili yake ni hesabu ya Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19: kilo za mtu zagawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jopo la Marekani la 1991 liliweka mpaka wa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari na shinikizo la damu. Na 2022 vyama vya wapasuaji viliushusha mpaka huo hadi 35 hata kwa asiye na maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari. Kwa mwanamke wa sentimita 160, kimo cha wengi wetu, 30 ni kilo 77, 35 ni kilo 90, na 40 ni kilo 102 na ushei. Mtu asome tarakimu hizo kwa nadhari, kwani kipimo hiki hakijui kama uzani ni mafuta au ni misuli ya mkulima aliyepiga kasia maisha yake yote.

Lakini tarakimu si jambo zito kuliko yote huku kwetu. Liko la macho ya watu. Pwani nzima unene wa kadiri umehesabiwa tangu kale kuwa alama ya neema: bibi harusi hutunzwa anawiri, mume husifiwa kwa jinsi mkewe alivyojaza, na mtu aliyerudi safarini amenenepa huambiwa ya kuwa huko alikokwenda kuna heri. Juu ya hayo, kizazi kilichokuwa cha watu wazima katika miaka ya 1980 hakijasahau yale yaliyotoka Uganda, ambako 1985 madaktari waliandika juu ya maradhi mapya ya Rakai, ya kumkondesha mtu hata akabaki mifupa, nayo yalikuwa ukimwi. Tangu hapo kukonda kwa ghafula kumekuwa na mnong'ono wake. Aliyepungua kilo 35 kwa mwaka mmoja, akipita Ngao njia ya sokoni, ataulizwa kwa upole, 'Dada, u mzima?' na nyuma yake ataulizwa bila upole. Ni lazima aamue mapema nani atamwambia kweli. Sidhani kwamba siri hii yafaa kufichwa kwa mume au kwa watoto wakubwa, maana hao ndio watakaoketi naye chakulani kila siku.

Na hapa ndipo ulipo uzito wa shauri lote. Tuseme yuko mwalimu wa Ngao, mwenye kisukari, mwenye kilo 120, ambaye usiku hushtuka kwa kukatika pumzi. Kupasuliwa kwake ni kwa siku moja, huko Nairobi. Kuishi na tumbo lile ni kwa miaka thelathini, hapa Ngao. Hospitali ya Ngao ipo, na ni bahati ya mji, katika nchi ambayo wagonjwa wengi hufuata tiba kwa mwendo mrefu. Lakini mpasuaji wake yu mbali, kwani kutoka Garsen hadi Malindi pekee ni zaidi ya kilomita 100, kisha Mombasa, kisha safari ya kwenda bara hadi Nairobi. Katika majuma ya kwanza mshono wa ndani ukivuja, moyo hupiga mbio, homa hupanda, tumbo huuma, na kila saa ina thamani. Mgonjwa akitapika mfululizo kwa muda, hupungukiwa na vitamini B1, na upungufu huo huweza kuharibu mishipa ya fahamu na ubongo. Mwenye akili hatarejea delta siku ya nne. Atapanga kwa jamaa karibu na hospitali aliyopasuliwa mwezi mzima ikibidi, na ataangalia kalenda ya mvua kabla ya kuchagua tarehe, kwa maana mafuriko ya 1997 na yale ya mwisho wa 2023 yaliwafundisha watu wa Tana jinsi barabara inavyoweza kutoweka.

Chakula chenyewe, kinyume na hofu ya wengi, hakimpungukii mtu wa Ngao. Baada ya majuma ya maji, supu na vitu vilivyopondwa, anayepasuliwa huamriwa kuanza kila mlo kwa chakula cha kujenga mwili, takriban gramu 60 za protini kwa siku, na kuufanya wanga kuwa wa mwisho. Samaki wa mto, mayai, kunde, maziwa yauzwayo na Waorma: hiyo ndiyo orodha ambayo mtaalamu wa lishe wa mjini huwaandikia wateja wake kwa kalamu ghali. Shida ni sinia ya wali, chai yenye sukari nyingi, na soda. Sukari ikiingia kwa kasi kwa aliyeungwa utumbo, jasho humtoka, moyo humwenda mbio, tumbo humkoroga, akajilaza. Shida nyingine ni maji. Hawezi tena kuyabugia. Atakunywa funda kwa funda, kutwa, mbali na mlo, na katika joto la Garsen atakayesahau atakaukiwa. Muislamu anayekusudia kufunga Ramadhani itampasa kumwuliza daktari wake kwanza, hasa katika mwaka wa kwanza. Na wageni nao! Kukataa sahani ya pili nyumbani kwa watu ni kazi iliyo ngumu kuliko kuumwa na mshono, nami sina dawa yake.

Vidonge vya madini na vitamini, pamoja na B12, chuma na kalsiamu ya mifupa, ni vya maisha, na damu yapasa kupimwa kila mwaka. Mwanamke anayetaka mtoto hushauriwa kungoja mwaka mmoja au mmoja na nusu, naye ajue ya kuwa mwili ukipungua rutuba ya uzazi huweza kurudi bila ya kupiga hodi. Aliyeungwa utumbo asinunue ovyo dukani brufen wala diklofenak kwa maumivu ya magoti, kwani dawa hizo huzusha vidonda pale penye mshono. Tena awe na barua, imetiwa katika nailoni isilowe, yenye kueleza alipasuliwa nini na lini, kwa sababu miaka mitano baadaye utumbo ukijisokota, daktari atakayemwona usiku hatakuwa yule aliyemkata.

Yapo yaliyo mepesi kuliko kisu. Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianzisha huduma ya kuweka puto tumboni wakati taasisi hiyo ikiongozwa na Profesa Mohamed Janabi, yule yule ambaye mawaidha yake juu ya ulaji yaliwafurahisha baadhi ya Watanzania na kuwaudhi wengine, na ambaye 2025 alichukua uongozi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Puto huingizwa kwa kinywa, hujazwa maji, na aghalabu hutolewa baada ya miezi sita au kumi na miwili. Likishatoka, njaa hurudi kama ilivyokuwa, na asiyebadili mlo hunenepa tena. Mimi singeuza ng'ombe kwa ajili yake.

Sindano za kila juma ni habari nyingine. Semaglutidi, iliyoidhinishwa Marekani 2021 kwa ajili ya unene, na zile zilizoifuata, zimewapunguza watu kwa kadiri ambayo zamani ilipatikana kwa kisu peke yake, ila anayeziacha hurejewa na sehemu kubwa ya uzani alioupoteza. Bei yake leo ni ya kumtisha mwenye mshahara wa serikali. Lakini hataza zake zinafikia ukomo katika nchi kadhaa, India mojawapo, kuanzia 2026, na watengenezaji wa India ndio wauzao sehemu kubwa ya dawa zinywewazo Kenya. Hivyo mwalimu wa kilo 92, ambaye sukari yake yashikika kwa vidonge na magoti yake yangali yakimfikisha shuleni, aweza kungoja mwaka mmoja au miwili aone bei itakavyokwenda, huku akiiacha soda. Yule wa kilo 120, anayekatika pumzi usingizini, hali yake si ya kungojea bei. Huyo afunge safari ya Nairobi akaonwe, akiwa na mtu wa nyumbani atakayesikia kila neno la daktari pamoja naye, na kabla ya kulipa senti aulize nani atampima damu mwaka wa tano, na wapi.